Kila Picha na Jina Lake: Namna ya Kuandaa Maonyesho ya Watu na Mahali pa Mtwara

Hotuba kwa wapiga picha, viongozi wa mitaa na wenyeji, Mikindani

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mama zetu wa sokoni na wa feri, walimu, wapiga picha wa studio na wa simu, ndugu zangu nyote. Shikamooni wakubwa zetu, na habari za asubuhi kwa wenzetu.

Mmetuita sisi tunaochapa na kutundika picha tueleze namna ya kuandaa maonyesho ya watu na mahali pa mji huu. Tutataja vipimo vingi, karatasi na misumari. Lakini liko jambo moja tunalolitanguliza, na mengine yote tumeyapanga nyuma yake: kila mtu atakayeonekana aandikwe jina lake, kama anavyotaka yeye liandikwe, na picha zikae mahali anapopita kila siku bila kuulizwa na mlinzi anakwenda wapi.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alishuka Lindi akiwa na kamera, mashine ya sinema na fonografu ya kunasa sauti. Akapanda hadi Masasi na Newala, akapiga picha za Wayao, Wamakua na Wamakonde, kisha akarudi na mzigo wake Leipzig. Ni picha zenye maelezo ya kina ya nywele, chale, ndonya za mdomo wa juu, vyungu na nyumba. Ila zilipochapishwa, nyingi ziliandikwa kabila tu: mwanamke wa kabila fulani, vijana wa kabila fulani. Mjukuu akiziangalia leo anaweza kuwa anamtazama bibi wa bibi yake na asijue. Tofauti yake ni Tendaguru, huko huko Lindi, mifupa ya dinosaria ilipochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, aliandikwa jina, na kwa sababu hiyo tunaweza kumtaja hapa asubuhi hii. Mamia ya wenzake waliobeba mifupa ile kichwani hadi bandari ya Lindi hatuwezi kuwataja.

Basi mpiga picha akitoka na kamera atoke na daftari. Kabla ya kuondoka mbele ya mtu, aandike jina lake lote, kazi yake kwa maneno yake mwenyewe, mtaa, tarehe, na namba ya faili la picha. Namba ya faili ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Ukirudi nyumbani na majina 20 na nyuso 20 bila namba, utabahatisha, na ukibahatisha utampa mtu jina la jirani yake mbele ya mji mzima. Dawa yake ni nyepesi: ukimaliza kuandika, piga picha ukurasa wa daftari. Utakaa kwenye kamera mara tu baada ya uso wa mwenyewe, na mpangilio hautapotea.

Kuna mahali ambapo kanuni hii haifai, nasi tuiheshimu mipaka yake. Mchezaji wa midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, aliyevaa lipiko hatajwi. Kinyago kile kinaficha mtu kwa makusudi, na anayeandika jina lake pembeni ya picha amevunja jambo ambalo wazee wamelitunza. Hapo ataje ngoma, kijiji na wachongaji kama wamekubali, basi. Na yanayofanyika ndani ya jando na unyago hayapigwi picha wala hayaonyeshwi, hata kama kijana fulani ameyarekodi kwenye simu. Siku ya mwali kutoka, yenye vigelegele na ngoma barabarani, ni ya watu wote, na ikionyeshwa kwa ridhaa ya familia inapendeza sana.

Ridhaa yenyewe iandikwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inagusa kila taarifa inayomtambulisha mtu, na picha ya uso wake pamoja na jina lake ni taarifa ya namna hiyo. Karatasi moja inatosha: picha ipi, itaonyeshwa wapi na kwa muda gani, itatumika mtandaoni au hapana, itauzwa au hapana, na namna ya mtu kuiondoa akibadili nia. Kila swali liwe na kisanduku chake cha ndiyo na hapana, maana mtu anaweza kukubali ukutani akakataa mtandaoni, na mama zetu wengi hukubali hivyo hasa. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Asiyesoma asomewe mbele ya shahidi aliyemchagua yeye mwenyewe, kisha aweke dole gumba. Nakala mbili: moja yake, moja yetu. Bandari, uwanja wa ndege na mitambo ya gesi ombeni kibali kwa maandishi mapema. Maeneo ya jeshi msiyaelekezee kamera kabisa.

Sasa mwanga, ambao ndio unaoharibu picha nyingi za watu wetu. Kamera haijui kama inamtazama mtu au bati. Hukadiria tu kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina mwanga wa wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya mchanga wa ufukwe wa Msimbati au ukuta wa chokaa, weupe ule unatawala, kamera inapunguza mwanga, na uso wake unageuka kivuli chenye meno. Hapo ongeza mwanga kwa hatua 1 hadi 1⅔; hatua moja ni mwanga mara mbili. Ukimsogelea hadi uso ukajaza picha, mambo yanageuka: kamera inaona weusi mtupu, inaongeza mwanga, na ngozi inatoka kijivu kama imepakwa majivu. Hapo punguza kwa ⅓ hadi ⅔ ya hatua. Kwenye simu gusa uso kwenye skrini, shikilia mpaka ifunge kipimo, halafu telezesha kidole juu au chini.

Vichujio vya kung'arisha uso vizimwe kabla hamjaanza. Hili tunalisema kwa uchungu. Hatuwezi kuandaa maonyesho ya kuwapa watu wa Kusini heshima yao, halafu tukawapunguzia weusi wao kwenye kompyuta. Studio zenye mazoea hayo ziyaache mlangoni.

Sisi tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Februari na karibu na tarehe 20 Oktoba jua la adhuhuri linakaa utosini hasa, na hata miezi mingine saa tano hadi saa tisa mchana macho ya mtu huzama kwenye vishimo vyeusi. Mwanga mzuri ni kuanzia mawio hadi kama saa mbili, na tena kuanzia saa kumi na nusu jioni. Ikibidi kupiga mchana, mtoe mtu juani. Kibaraza kinachotazamana na ukuta mweupe ng'ambo ya kichochoro, kama vilivyo vingi hapa Mikindani, ni studio tayari: jua linagonga ukuta wa mbele, linarudi usoni laini. Mwembe nao ni mzuri, ila jihadharini na madoa ya jua yanayopenya majani na rangi ya kijani inayopanda mashavuni. Shuka nyeupe iliyoshikwa na watu wawili upande wa chini wa picha, mita 1 kutoka kwa anayepigwa, inafungua macho na kidevu.

Pwani haisubiri ratiba yako. Wanaokwenda kuchokoa pweza mnalijua hili kuliko sisi: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kabisa majira ya saa nne hadi saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa kama dakika 50. Kwa hiyo kina mama wakiwa mwambani jua tayari ni kali. Msiwaombe waje saa kumi na mbili wajifanye wanachokoa; picha ya kuigiza hujulikana, na wa kwanza kuitambua ni wao wenyewe. Mpiga picha ajipange ili jua liwe nyuma ya mchokoaji, apime mwanga usoni, akubali anga lipauke. Maji yaliyobaki kwenye madimbwi yatarudisha mwanga chini ya kofia na khanga. Chumvi nayo iangaliwe: futa lenzi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Ukianza na kikavu, chembe za chumvi na mchanga zinakwaruza kioo.

Na tusipige vitu vilevile vya kalenda. Boma la Mikindani la mwaka 1895 lina picha za kutosha, na mlango mzuri wa kuchongwa ukipigwa peke yake unasema habari za fundi aliyekufa zamani, wakati anayelala nyuma yake yuko hai. Bibi mwenye nembo za chale usoni na tundu la ndonya amekwisha kupigwa picha mara nyingi na wageni. Ikiwa tutampiga tena basi awe kwenye shughuli zake, na jina lake liwe kubwa kuliko neno Mmakonde. Tungependa kuona wapakuaji wa magunia ya korosho ghalani, fundi baiskeli, watu wanaosubiri kivuko cha Msangamkuu, mama anayekausha mabibo, mashabiki wakitoka uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona, watoto wanaocheza mahali reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilipopita enzi za mradi wa karanga wa wakoloni Waingereza. Ukitaka korosho na mabibo mekundu juu ya mti, anza mwezi wa tisa au wa kumi. Ukija mwezi wa tatu utapata majani.

Mafaili. Picha ya sentimita 30 kwa 45 ikichapwa kwa pikseli 200 kwa inchi inahitaji pikseli kama 2,360 kwa 3,540, yaani megapikseli 8 na ushee, na simu nyingi za leo zinafika hapo. Kinachotuangusha ni kuituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Mara nyingi inapunguzwa hadi pikseli kama 1,600 upande mrefu, na hiyo inatosha picha ya sentimita 20 tu. Itumeni kama dokumenti, au leteni kadi yenyewe. Picha kubwa ya kusomwa kwa mbali, sentimita 60 kwa 90, yaweza kuchapwa kwa pikseli 150 kwa inchi bila aibu, lakini hiyo inadai karibu megapikseli 19 au zaidi.

Kabla ya kuchapa zote, chapeni jaribio. Chagueni nyuso tano zenye weusi tofauti, kila moja kipande cha sentimita 10 kwa 15, mzitazame kibarazani mchana, si chini ya taa ya duka. Karatasi haina taa nyuma yake, kwa hiyo picha iliyopendeza kwenye skrini yenye mwanga wa juu kabisa itatoka nyeusi mno. Shusheni mwanga wa skrini hadi karibu nusu wakati wa kurekebisha. Na mwambieni mwenye mashine azime marekebisho ya moja kwa moja. Mashine za duka hujaribu kusawazisha kila uso, na zinarudisha lile kosa la kijivu tulilokwisha kulifuta kwenye kamera.

Karatasi inayong'aa tunaikataa, ndani na nje. Ndani inaakisi madirisha. Na kwa unyevu wa pwani hii uso wake unaganda kwenye kioo cha fremu, haubanduki tena bila kuchanika. Picha za ndani zitumie karatasi isiyong'aa na paspatu ya milimita 2 inayotenganisha picha na kioo. Paspatu na ubao wa nyuma viwe visivyo na asidi, na fremu iache nafasi ya kidole kati yake na ukuta ili hewa ipite. Ukungu huanza mahali hewa imesimama.

Za nje ni habari nyingine, na kwa mawazo yetu za nje ndizo maonyesho yenyewe. Ukumbi wa hoteli utawaleta wenye viti. Uwanja wa soko, stendi na njia ya kwenda kivukoni vitamleta aliye kwenye picha. Nje hakuna kioo wala karatasi. Chapeni kwenye stika ya plastiki isiyong'aa, wekeni juu yake tabaka la kinga lisilong'aa, kisha mbandike kwenye bamba la milimita 3 lenye alumini pande zote na plastiki katikati, lile la mabango ya maduka. Ubao wa povu usitumike: ukilala nje usiku mmoja wa umande asubuhi umejikunja.

Hesabu ya nafasi iko hivi. Picha ya sentimita 30 kwa 45 yenye pambizo nyeupe inakuwa bamba la 45 kwa 60. Ukiacha sentimita 25 kati ya bamba na bamba, picha 40 zilizolala zinahitaji karibu mita 34 za ukuta, na ukuta huo mji huu hauna pasipo kugongelea nyumba za watu. Msigongee misumari kwenye kuta za mawe na chokaa za Mikindani. Msumari wa zege unapasua lipu, chumvi inautia kutu, kutu inavimba, na mwaka unaofuata kipande kizima kinaanguka. Tengenezeni mbao za kusimama. Plaiwudi moja ya sentimita 122 kwa 244 ikilazwa inabeba bamba tatu upande mmoja na tatu upande wa pili, kwa hiyo mbao 7 zinatosha picha 40. Kitovu cha picha kiwe sentimita 150 kutoka chini. Ukingo wa chini wa plaiwudi basi utakuwa sentimita 89. Mahali wanafunzi ndio wengi, shusheni vyote kwa sentimita 15.

Tumechagua kiangazi, Juni hadi Septemba, kwa kuwa mvua hazipo. Lakini hiyo ndiyo miezi ya upepo wa kusi. Ubao huo una eneo la karibu mita 3 za mraba, na upepo wa mita 10 kwa sekunde unausukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 20. Dhoruba fupi inaweza kuzidisha mara mbili. Miguu ya kuegesha juu ya mchanga haitafaa. Chukueni mirunda ya mita 3, mfukie sentimita 60, mshindilie kwa mawe, na mbao zipangwe kwa pembe, moja ikiishikilia nyingine kama mikunjo ya mkeka. Pale panapobidi ubao usimame peke yake, ukingo wake uelekee kusini-mashariki, upepo utokako, usipigwe kifuani. Mpangilio huo una faida na hasara yake: miezi hiyo jua la adhuhuri linakaa kaskazini, hivyo upande unaotazama kaskazini-mashariki utakuwa juani tangu asubuhi, na ule wa kusini-magharibi utakaa kivulini hadi alasiri. Picha zenye rangi nzito na nyuso za karibu ziwekwe kivulini. Bahari na paa za mabati zinavumilia jua. Skrubu ziwe za chuma cha pua, au angalau zilizopakwa zinki, maana michirizi ya kutu kwenye pambizo nyeupe huonekana ndani ya wiki chache.

Za ndani zinazotundikwa kwa waya, fundi atumie hesabu hii: 150, jumlisha nusu ya urefu wa fremu, toa umbali kati ya waya uliovutwa na ukingo wa juu. Fremu ya sentimita 60 yenye waya unaokaa sentimita 8 chini ya ukingo itapata kulabu kwenye sentimita 172. Wekeni kulabu mbili kwa kila fremu, isije ikapinda kila mlango ukifungwa. Mshipi wa kuvulia usitumike hata kama ni wa bure. Unavutika polepole kwa uzito, na baada ya wiki mstari mzima umelegea.

Maelezo ya picha yakae kulia, karibu na chini, herufi za pointi 24 kwa nje na 18 kwa ndani, nyeusi juu ya nyeupe. Jina kwanza, kisha kazi, mahali, mwezi na mwaka. Sentensi moja au mbili za mwenye picha mwenyewe zinatosha, na zisomwe kwake kabla ya kuchapwa. Jina la mpiga picha liandikwe chini, kwa herufi ndogo kidogo kuliko la aliyepigwa.

Mbao nyingine mbili tumeziacha kwa picha za zamani za majumbani. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi inaweza kukuzwa hadi 20 kwa 30 bila kupoteza kitu. Iliyoganda kwenye kioo isibanduliwe, tutaiskani pamoja na kioo chake. Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki zinazidi kuwa njano kila mwaka na zinazitafuna picha, zileteni kwanza. Nyuma ya picha msiandike kwa kalamu ya wino, inabonyeza na kuonekana mbele. Penseli laini inatosha kwa karatasi za zamani.

Maonyesho yakiisha, kila bamba liende kwa aliye kwenye picha, au kwa shule na zahanati ya mtaa wake akipenda. Nakala ya karatasi ya sentimita 15 kwa 20 tumpe siku ya ufunguzi, asingoje. Mafaili yatunzwe mahali pawili tofauti, pamoja na ukurasa wa daftari na fomu ya ridhaa, vyote kwa namba moja.

Fomu ziko mezani, nakala mbili mbili. Wenye albamu, skana iko chumba cha nyuma hadi saa kumi; kaeni na picha zenu zikiskaniwa, mtutajie majina mmoja mmoja kuanzia kushoto, na msipomkumbuka mtu tuachieni nafasi wazi, bango litauliza mji.